Pori Nililoliandika "Hakuna Kitu"

Mama yangu,

Kiangazi cha mwaka huu nilisimama mbele ya watu, nimevaa gileti, ile fulana ya kazi ya kampuni ya madini, nikasema kwa sauti kwamba wewe ulidanganya. Huenda umekwisha kusikia, maana maneno ya mtaa wetu wa Dilala yanafika hata mahali ambapo teksi-moto, zile pikipiki za abiria, haziendi. Lakini nataka uisikie habari hii kutoka kwangu, na uisikie yote, kwa sababu kosa ni langu na lako pia, na ndani yake kuna swali ambalo sikukuuliza ulipokuwa hai.

Utanivumilia lugha. Nikishika kalamu, Kiswahili bora kinatoka chenyewe, kile ulichokuwa unanicheka nacho. "Eh, Bea, unasema sawa mupadiri," ulikuwa ukiniambia, "tukuletee sadaka?" Basi nicheke. Ila maneno yako wewe nitayaandika vile ulivyoyasema, kwa sababu nikiyanyoosha hayatakuwa yako tena.

Unakumbuka Jumamosi za mvua? Kulikuwa kumepambazuka kidogo tu, Baba bado anakoroma, na wewe unanigusa mguu kwa vidole vyako vya baridi bila kuniita jina. Tulitoka wanne. Wewe mbele, Mama Ngoy nyuma yako, halafu Mama Chantal, na mimi mwisho na kabeseni kangu. Wewe ulikuwa mtu wa Sandoa, na Mama Ngoy wazazi wake walitoka Kasai. Mlibishana juu ya kila kitu, kuanzia namna ya kusonga bukari, ugali wetu, mpaka namna ya kumlilia marehemu, lakini tukishavuka barabara ya malori na kuingia chini ya miti, ubishi ulikwisha. Pale mlikuwa kama watoto wa tumbo moja.

Ulijua kila mti na uyoga wake. Chini ya mutondo tulitafuta bwitondwe, ule mdogo wa manjano unaonukia kama tunda. Chini ya muputu tulitafuta tente, wenye kofia nene. Na kwenye kichuguu, mvua ikiwa nzuri, ulitoka ule mkubwa ambao nilijifunika nao kichwani kama mwavuli mpaka ukanigombeza: "Chakula haibebwe sawa kofia!" Kila mmoja wenu alikuwa na miti yake, na hakuna aliyechuma chini ya mti wa mwenzake mpaka ameitwa. Mdogo mdogo tuliuacha. Hatukupiga kelele. Na juu ya sheria zote ilikuwepo moja kubwa: fasi, mahali penyewe, haitajwi. Usiseme kwa jirani, usiseme kanisani, usiseme hata kwa mume wako.

"Bowa iko na masikio," ulinifundisha juu ya uyoga. "Ikisikia jina ya fasi yake, inahama."

Wakati wa kurudi ndipo nilipokuwa nakupenda zaidi. Mke wa mwalimu alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake, na kila Jumamosi mlicheza mchezo uleule.

"Mama Bea, munatoka wapi?"

"Mu pori."

"Kuko nini?"

"Hakuna kitu."

Na beseni liko kichwani, limejaa mpaka kikwembe, kile kitenge ulichofunikia, kimevimba, na maji ya uyoga yanakutiririka shingoni! Mke wa mwalimu anaegemea ufagio na kucheka: "Basi ile hakuna kitu yako, unipimie sahani moja." Ulimpimia, na ukamwongezea kiganja kizima cha matabisi, ile nyongeza ya bure. Watu wote wa mtaa walijua kwamba "hakuna kitu" ya wanawake wa uyoga maana yake ni kwamba kiko, lakini usiulize fasi. Ilikuwa adabu yetu, kama mgeni anayesema ameshiba wakati anasikia harufu ya sombe, kisamvu chetu.

Mimi nilichelewa kuielewa adabu hiyo. Nilikuwa darasa la nne nilipomwambia Nadège, rafiki yangu wa shule, tulikokuwa tunakwenda. Jumamosi iliyofuata tulikuta udongo umekanyagwa, uyoga mdogo umeng'olewa, na tawi kubwa la mti wako limevunjwa. Hukunipiga. Afadhali ungenipiga, Mama! Wakati wa kurudi mke wa mwalimu akauliza swali lake, na wewe ukamjibu bila kugeuka: "Ulizeni Bea, yee njo anajua kusema." Mdomo uliponza kichwa. Nililia mpaka kamasi zikanifika kidevuni, na toka siku ile nikajifunza. Nilijifunza vizuri hivi kwamba Baba mwenyewe akiniuliza, mchuzi wa uyoga ukiwa bado kwenye masharubu yake, nilimwangalia machoni na kumwambia hakuna kitu kule, Baba.

Sasa nikueleze tena ile kazi yangu, maana najua hukuielewa vizuri, na mimi nilijifanya naielewa.

Huko ng'ambo kuna watu wanaonunua magari ya betri, na ndani ya betri imo kobalti yetu. Wengine wao wana roho nzuri. Wanauliza: hii kobalti imetoka wapi, imechafua mto wa nani, imekata msitu wa nani? Hawawezi kuja wote Kolwezi kuangalia, kwa hiyo wanataka karatasi iwaangalilie. Karatasi hiyo ndiyo cheti. Kampuni ikiwa na cheti, kobalti yake inapita kwenye viwanda na mipaka bila kuulizwa maswali mengi. Nilikueleza hivyo jikoni, unachambua majani ya sombe, na ukaniuliza jambo ambalo hakuna aliyelisema kwenye mafunzo yetu.

"Donc muzungu analala muzuri juu ya karatasi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na karatasi inaandikwa na nani?"

"Na sisi wa ofisi ya jamii."

Ulicheka kwa furaha, ukamwita Mama Ngoy aliyekuwa kwenye ua. "Ngoy! Kuya usikie! Muzungu analala muzuri juu ya Bea!" Ayii, Mama, niliona haya. Ulinitangaza mtaa mzima kama tangazo la harusi.

Halafu ikaja siku ya fomu. Kampuni ilitaka mahali pa kumwaga mawe yasiyo na madini, na kwenye ramani yao palikuwa na kipande cha kijani nyuma ya barabara ya malori. Cheti kinadai kwamba kabla ya kufyeka, wananchi waulizwe wanatumia nini pale. Wakatandika turubai katika uwanja wa shule, wakapanga viti vya plastiki, wakaleta soda. Mkuu wangu wa ofisi, ambaye sisi sote tunamwita Chef, akaniambia mbele ya wageni: "Bea, unatafsiri tu. Haufafanui." Nikasema ndiyo, Chef.

Niliuliza swali kama lilivyoandikwa: kuna nini katika eneo hili ambacho wananchi hukitumia? Mama Ngoy akasimama. "Hakuna kitu." Mama Chantal akasimama. "Pori tu." Wakafuata wengine, mmoja mmoja, nyuso zimetulia kabisa kama za watu wanaopokea komunyo. Wewe ulikuwa wa mwisho. Ulikaza kikwembe chako, ukaniangalia, ukatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Hakuna kitu," ulisema.

Nami nikaandika. Kwa Kifaransa ni neno moja fupi, *néant*. Nililiandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake.

Nisikudanganye kwamba sikujua. Mkono wangu ulisimama juu ya karatasi. Niliwaza: nikiandika kwamba wanasema hakuna lakini kuko, Chef ataniuliza kuko nini, na wapi, na mimi nitakuwa tena yule mtoto aliyemwambia Nadège. Lakini haikuwa hofu hiyo peke yake. Nilipenda fomu yangu iwe safi. Nilipenda Chef aseme, umeona Bea, kazi yake haina matatizo. Gileti ilikuwa mpya, Mama, na mimi nilikuwa mjinga.

Jioni ile ulikuwa unatwanga sombe nje.

"Uliandika nini?" ukaniuliza.

"Niliandika ile mulisema."

Mchi ukasimama hewani. "Yote?"

"Yote. Hakuna kitu."

Uliuangalia mchi kana kwamba si wewe uliyeunyanyua. Halafu ukasema, "Bon," ukaendelea kutwanga. Hukusema lingine, siku ile wala kesho yake.

Kiangazi kile mashine zilifika. Zilianza upande wa mashariki, ambako kulikuwa na miti yako na kichuguu kikubwa. Kwa siku chache tu pakawa peupe, halafu malori yakaanza kumwaga mawe. Mvua iliporudi, ulikwenda mara moja na Mama Ngoy katika sehemu iliyobaki, ukarudi na beseni nusu, na hukwenda tena. Ulisema miguu inauma. Ukaanza kununua uyoga sokoni! Wewe! Nilikuona siku moja umeinama juu ya fungu la mwanamke wa watu, unainua bwitondwe moja moja na kuinusa. "Bino bilisha choka," ulimwambia, kwamba hivi vimekwisha kuchoka, na bado ulinunua, na nyumbani hukula. Niligeuza uso nisiangalie. Baada ya mvua ile na nyingine moja, ulianza kukohoa, tukakupeleka hospitali, na tukakuzika siku ya jua kali. Watu walikulilia kwa namna mbili, ya Sandoa na ya Kasai, kwa sababu Mama Ngoy alikataa kushindwa.

Na mimi sikuwa nimekuuliza. Nilikuosha, nilikulisha uji, nilikuchana nywele, na kila mara neno lilifika kwenye meno likarudi. Mama, ulinikasirikia? Hilo tu. Nimelibeba toka siku ulipokufa, na kila uyoga ulipopita mtaani nilihisi mtu ananiita kwa jina baya.

Mwaka huu cheti cha kampuni kilikuwa kinataka kufanywa upya, na safari hii mkaguzi wa cheti angekuja mwenyewe. Wakati huohuo Chef alileta ramani mpya: rundo la mawe limejaa, sasa linataka sehemu iliyobaki ya pori. "Hakuna shida," alisema, "wananchi walishajibu." Akafungua faili la zamani, na neno langu likawa pale, lenye mstari wake chini.

Nilikwenda kwa Mama Ngoy siku hiyohiyo. Nilimkuta anaanika nguo. Nilimwomba yeye na wenzake waje mbele ya mkaguzi na kusema kweli, waseme kule kuna nini. Aliendelea kubana nguo kwenye kamba.

"Tulishasema," alisema.

"Mulisema hakuna kitu, Mama Ngoy."

"Juu mama yako alituambia. Mbele ya mukutano, bamama banaogopa, banauliza, tutasema nini? Mama yako akasema: 'Semeni vile tunasemaka. Mutoto yangu njo anaandika. Anajua.'" Akanigeukia, kibanio kingali mkononi. "Na ulijua, Bea?"

"Nilijua."

"Basi. Mi sikuye ku mukutano yenu tena."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Dereva wa teksi-moto aliniita mara mbili, nikampita. Nilikuwa naona sura yako siku ile, ule upande mmoja wa mdomo uliotabasamu. Nilidhani ulikuwa unawaficha siri wale wageni wa Chef. Kumbe ulikuwa unaniachia mimi kazi.

Mkaguzi alikuja Jumatatu. Alikuwa mama mmoja wa Kinshasa, mnene, miwani yake ameining'iniza kwa kamba shingoni, na Kiswahili hajui hata salamu. Watu walimwita Madame Oditeri. Tulikutana katika darasa la shule ileile. Chef alisoma faili, akafika kwenye jibu la wananchi, akasema eneo hilo halina matumizi. Madame Oditeri akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Viti vya mbele, ambavyo viliwekewa wanawake, vilikuwa vitupu.

Nikasimama. Niliegemea meza.

"Mama yangu alidanganya," nikasema. Nilisema kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, ili kila mtu aisikie. "Wanawake wote walidanganya. Na mi nilijua, na niliandika vile."

"Bea, kaa," akasema Chef.

"Mwache," akasema Madame Oditeri.

Basi nikafungua mdomo ule ulioufunga wewe mwenyewe. Nilitaja bwitondwe na tente na ule mkubwa wa kichuguu. Nilitaja matunda ya masuku tunayokula njiani mpaka meno yanashikana, na viwavi wa mutondo, na gamba la mti linalochemshwa mtoto akiwa na homa, na kuni zilizoanguka zenyewe, na kijito kinachopita pale kabla hakijaonja vumbi la mtu. Nilieleza kwa nini watu waliojaza mabeseni walisema hakuna kitu. Nilitaja kila kitu isipokuwa njia ya kufika. Nilipomaliza, mdomo wangu ulikuwa umekauka na Chef alikuwa ananiangalia kama mwizi aliyemkamata na simu yake.

Madame Oditeri hakuwa mtu mbaya, Mama. Ungempenda, anauliza kama wewe. Alivaa miwani yake, akanyanyua fomu ya zamani.

"Hapa kuna sahihi yako inayosema hakuna," aliniambia. "Leo ulimi wako unasema kuna. Nimwamini Bea yupi?"

Chef akaingilia, akasema mwisho wa kiangazi si rahisi kumwonyesha mtu uyoga, na bahati gani hiyo kwa Bea. Watu wawili wakacheka. Ilikuwa kweli, kule chini ya miti hakukuwa na kitu isipokuwa majani makavu.

Mlango ukagongwa na kitu kizito. Alikuwa Mama Ngoy, amevaa kikwembe chake cha Pasaka, anausukuma mlango kwa kiuno kwa sababu mikono yake imeshika kitunga. Nyuma yake alikuwa Mama Chantal, anahema, na wengine watatu.

"Moyo wenu," akasalimu kwa Kikasai, kama amealikwa. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza, akapindua kitunga juu ya ramani. Uyoga mkavu ukamwagika, wa manjano, wa kahawia, mweusi, na harufu yake ikajaa darasa. Harufu ya jikoni kwako, Mama. Nilishika mdomo kwa mkono.

"Mi sisemi fasi," alisema Mama Ngoy. "Lakini bino bilitoka kule." Na akaelekeza midomo yake dirishani.

Nikatafsiri. Madame Oditeri akauliza, kule wapi?

"Kule," akasema Mama Ngoy, na midomo ikaenda tena.

Darasa zima likacheka, hata yeye Madame. Alichukua kipande kimoja, akakinusa, akakitafuna bila kuuliza kama kimeoshwa. Halafu akatoa fomu mpya yenye sanduku dogo la thamani kwa mwaka, akataka kujua beseni moja linauzwaje.

"Ile tunauza njo kidogo," Mama Ngoy akamjibu. "Ile tunakula, ile tunapeleka kwa mukwe, ile tunabeba ku kilio, banaiandika bei gani?"

Safari hii nilitafsiri na kufafanua. Madame Oditeri aliliangalia lile sanduku, akaigeuza karatasi, akaanza kuandika upande wa nyuma. Aliandika mpaka soda zikapata joto. Mwishoni akatuomba sahihi, na wanawake wote watano wakaweka, Mama Chantal kwa kidole gumba.

Nisikupambie matokeo. Kampuni imeambiwa isiguse sehemu iliyobaki, la sivyo cheti hakitolewi, na sasa kuna vigingi vyeupe kuzunguka miti. Rundo litahamia mahali pengine; natumaini aliyeandika fomu ya huko anajua kusikiliza. Mimi nimetolewa ofisi ya jamii, niko stoo, nahesabu glovu na helmeti, na Chef ananisalimu kwa kidevu. Wale wa magari ya betri hawatasikia kamwe habari za bwitondwe. Siwachukii. Waliuliza swali zuri, na sisi tulikuwa na jibu, ila lilipita kwenye mkono wangu likafa. Siku hizi nikisikia watu wanasema vyeti ni bure, ni maneno ya wazungu, nanyamaza, maana mimi ndiye niliyekifanya kile cha kwanza kiwe bure.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wanawake hawakunisemesha. Walikuja darasani kwa ajili ya miti. Walinipita uwanjani bila kugeuka, na niliona ni haki yao.

Mvua zikaanza. Jumamosi iliyopita, alfajiri, mtu akapiga dirisha langu kwa funguo. Nilifungua, nikamkuta Mama Ngoy na beseni kichwani.

"We, mwenye kulala sawa bibi ya gavana," alisema. "Beseni yako iko wapi?"

Nilichukua beseni la kufulia, nikavaa kandambili, moja imekatika. Nilitembea wa mwisho kama zamani. Tulivuka barabara ya malori, tukapita chini ya rundo la mawe, ambalo sasa limepita urefu wa kanisa. Pale Mama Ngoy akasimama. Akawaachia wenzake watangulie.

"Miti ya mama yako ilikuwa hapa," alisema, akagonga jiwe kwa kisigino.

Nikashindwa kujizuia. Neno lililorudi kwenye meno miaka yote likatoka lenyewe.

"Mama Ngoy, alinikasirikia?"

"Nani?"

"Mama."

Alishusha beseni lake chini, jambo ambalo hafanyi kabla halijajaa. "Kesho ya ile mukutano alikuya kwangu asubuhi," alisema. "Akakaa chini pa mulango. Nilimupa chai, akakatala. Akaniambia: 'Ngoy, mutoto hakukosa. Mi njo nilimufundisha kusema vile. Nilimufundisha muzuri sana.' Njo akalia. Mama yako, yee mwenye hakuliaka!"

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuwa na haya, Bea. Siku yote alikuwa na haya mbele yako. Kila mara anasema, siku mutoto ataniuliza, nitamwambia aniachilie ile kosa. Alikuwa anangojea umuulize."

Nilikaa juu ya mawe yale ya kampuni, nikalia kwa namna ya Sandoa na ya Kasai. Mama Ngoy hakunibembeleza. Alisimama tu karibu, akashika beseni langu mpaka nikamaliza.

Mama, nakuachilia. Niachilie na mimi.

Mutoto yako,
Bea